Halmashauri ya Kijiji: Wajumbe Wangapi Wanatosha?



Wapo wanaotaka Halmashauri ya Kijiji iwe ndogo ili iamue upesi. Wapo wanaotaka iwe kubwa ili kila pembe isikike. Pande zote mbili zina hoja.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeweka mipaka: wajumbe wasipungue 15 wala wasizidi 25. Miongoni mwao wamo Mwenyekiti wa Kijiji na wenyeviti wa vitongoji vyote, na wanawake wasipungue robo.

Tupige hesabu. Kijiji chenye vitongoji vitano hutumia nafasi sita kwa wenyeviti peke yao. Halmashauri ikiwa na wajumbe 15, hubaki nafasi 9, na wanawake hawatapungua 4. Ikiwa na wajumbe 25, hubaki nafasi 19, na wanawake hawatapungua 7.

Tofauti hiyo si ndogo. Kule Mang'ola, mkulima wa vitunguu na mfugaji hutegemea maji yaleyale. Kule Ngorongoro, boma na boma huachana kwa mwendo mrefu. Halmashauri finyu yaweza kumwacha mmoja wao bila msemaji.

Lakini wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Wajumbe 25 wasiohudhuria hawawafikii 15 wanaofika. Kikao kikikosa akidi, ombi la mwananchi hulala.

Kwa hiyo, tunapowachagua wajumbe, tuulize: je, kila kitongoji na kila kundi lina msemaji? Je, anayeomba nafasi ataweza kuhudhuria vikao na kuzitumikia kamati za fedha na mipango, huduma za jamii, na ulinzi na usalama?

Tena tukumbuke kwamba Halmashauri, iwe kubwa au ndogo, si mwenye mali. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, wala haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Idadi ya wajumbe ina ukomo. Mahudhurio yetu hayana. Tukiacha viti vyetu vitupu mkutanoni, wachache wataamua mambo ya wengi.