Kiota cha Kwanza cha Mnana



Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi wetu, hebu leo tuwatazame mafundi tunaowapita kila siku bila kuwatupia jicho: wadudu na ndege wanaojijengea nyumba.

Tuanze na nyuki, aliyepewa sura nzima katika Qur'ani, Suratun-Nahl. Humo tunaelezwa kuwa Mola wake ndiye aliyemfunulia ajenge majabalini, mitini na katika yale wanayojenga watu. Ukiliona sega la asali, angalia vile vyumba vyake. Kila kimoja kina pande sita, vimeshikana ukuta kwa ukuta, hapana nafasi iliyopotea bure. Nta yenyewe hainunuliwi dukani, inatoka chini ya tumbo la nyuki. Na wajenzi ni nani? Wengi ni vijana wa umri wa wiki mbili hivi! Subhanallah.

Sasa tumtazame mnana, yule ndege wa manjano anayepiga kelele juu ya mnazi. Dume huchana kijani cha mnazi au nyasi, akakifunga tawini kwa mdomo na miguu tu. Huanza na pete, kisha huisukia chumba, mlango ukaelekea chini. Hukitundika kiota nchani mwa tawi ili nyoka apate taabu kukifikia. Akimaliza, jike huja kukagua: huingia, huvutavuta majani. Asiporidhika, huenda zake. Kiota kikikauka bila mwenyewe, dume hukifumua akaanza upya.

Je, mnana huzaliwa fundi? Wataalamu wawili wa Marekani, Nicholas na Elsie Collias, walichapisha utafiti wao mwaka 1964. Waliwalea madume machanga bila kuwapa majani ya kuchezea. Walipopewa baadaye, walikuwa wazito kuchana na kusuka kuliko wenzao waliojizoeza tangu udogoni. Kumbe vile vibanda vibovu ambavyo mnana mchanga huvisukasuka si mchezo wa bure. Ndiyo madrasa yake.

Wallahi habari hii ilinigusa. Nilipokuwa na miaka kumi na minne niliambiwa niadhini. Nikaruka maneno, sauti ikanikatika, na watu nyuma yangu wakacheka. Pengine hawakukusudia ubaya. Lakini mimi nilikaa miaka miwili bila kuigusa maikrofoni ile, na nikaanza kuswali nyumbani ili nisionekane. Aliyenirudisha ni ustadhi wangu mmoja. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, kesho utaadhini tena. Ukikosea, utarudia." Basi. Hakunihutubia.

Ndugu yangu, wewe unayesoma, huenda na wewe una kiota ulichokiacha nusu. Juzuu uliyoanza kuhifadhi ukaitupa. Swala ya alfajiri uliyoipata siku tatu ikakuponyoka. Mnana hakai tawini kulilia kiota kilichokataliwa. Anafumua, anachana jani bichi, anafunga fundo la kwanza. Ramadhani ndiyo msimu wetu wa majani mabichi. Mwezi mzima wa mazoezi, usiku na mchana, na mlango wa toba uko wazi.

Na nyinyi wazee wetu, tunawaomba kwa heshima: mtoto akisimama kusoma akakosea, msahihisheni, wala msimcheke. Yule jike hukikataa kiota, lakini hamfukuzi fundi mtini. Mkitucheka leo, kesho mtauliza vijana wamekwenda wapi, na safu za mbele zitabaki na wazee peke yao.

Jioni ya leo, kabla ya kufuturu, tazama juu ya mnazi ulio karibu nawe. Kisha chagua jambo moja uliloliacha, ulianze tena usiku huu huu.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.