Safari ya Uhabeshi
Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa wanachama wa Thika na Ruiru



Halmashauri imenitaka nieleze habari za safari yangu ya Uhabeshi, nchi iitwayo siku hizi Ethiopia. Kwanza niwatoe wasiwasi. Nilikwenda mwezi wa Januari mwaka wa 2019, katika likizo yangu, kwa nauli yangu mwenyewe, wala hakuna senti ya chama iliyopanda ndege. Tena niseme mapema kwamba mwishoni nina neno la kuwaomba, asije mtu akalalamika kwamba nimempitisha milimani kumbe nilikuwa nikimpeleka kwenye mfuko wake.

Sisi tunaoitazama milima ya Nyandarua kila asubuhi twadhani kwamba twaijua milima. Lakini kwetu mlima hutazamwa kwa mbali, na kule watu wanaishi juu yake. Mji mkuu, Addis Ababa, uko kadiri ya meta 2,400 juu ya usawa wa bahari, nasi hapa Thika tuko kama meta 1,600 tu. Nilipopanda ngazi za nyumba ya mwenyeji wangu nilitweta, hata mama yake akanionea huruma. Upande wa kaskazini uko mlima Ras Dashen, wenye kupita meta 4,500. Kati ya nyanda hizo za juu kuna mabonde yenye kina kirefu mno, na mto Abay, ndio Nili ya Buluu, hupita katika mojawapo. Nilipoyaona nilifahamu kwa nini wageni wenye silaha walipata taabu katika nchi ile. Waitalia walishindwa huko Adwa mwaka wa 1896, na waliporudi walitawala miaka mitano tu, tangu 1936 hata 1941.

Jambo moja lilinifurahisha sana. Mwenyeji wangu aliniambia tutaondoka saa mbili, nami nikajiandaa kuuliza kama ni saa mbili ya Kizungu. Haikuwa na haja. Wahabeshi huhesabu saa tangu jua linapochomoza, kama sisi Waswahili. Saa moja yao ni saa moja yetu. Na kahawa nayo ni jamaa yetu. Ninyi wa Ruiru mnaojua kahawa aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, mfahamu kwamba asili ya kahawa ya arabika iko katika misitu ya nyanda za juu za Uhabeshi. Kule huikaanga mbele ya mgeni, wakaichemsha katika birika la udongo, na kumimina mara tatu. Mmimino wa tatu huitwa bereka, maana yake baraka. Mgeni akiondoka kabla yake ameondoka mapema.

Kutoka Addis Ababa tulikwenda kaskazini hadi Gondar, mji mkuu wa kale. Zamani wafalme wa Uhabeshi walikaa katika mahema. Kuni na chakula cha mahali vikiisha, mfalme na jeshi lake walihama. Mfalme Fasilides ndiye aliyeuweka mji mkuu Gondar mwaka wa 1636, akajenga ngome ya mawe yenye minara. Wafalme waliomfuata, kila mmoja alitaka jumba lake, hivyo majumba yakawa mengi ndani ya ukuta mmoja wenye urefu wa kama meta 900. Nililiona pia birika kubwa la Fasilides, ambalo hujazwa maji kila Januari kwa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Nililiona na kanisa la Debre Berhan Selassie, ambalo dari yake imejaa nyuso za malaika zilizochorwa, macho yote yakimtazama aliye chini. Gondar ulikuwa mji wa wafalme kwa muda wa miaka mia mbili hivi. Mfalme Tewodros, aliyetawazwa mwaka wa 1855, aliupeleka utawala mahali pengine. Leo majumba mengi hayana paa, na ndege huingia na kutoka. Tangu mwaka wa 1979 yamo katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu nirudi, nchi ile imepatwa na vita vikali vya Tigray, 2020 hadi 2022, na baadaye mapigano yamefika katika jimbo la Amhara, uliko mji wa Gondar. Twawaombea amani.

Sasa sikilizeni habari ya Addis Ababa. Mfalme Menelik alikaa kwanza juu ya mlima Entoto, penye baridi na upepo. Mkewe, Taytu, alizipenda chemchemi za maji ya moto zilizoko chini ya mlima, na mji ukaanzishwa huko mwaka wa 1886. Baada ya miaka michache kuni zikaanza kwisha. Menelik akafikiri kuhama kama mababu zake, hata akaanza kujenga mahali paitwapo Addis Alem, upande wa magharibi. Lakini katika miaka ile ya 1890 ililetwa mikaratusi kutoka ng'ambo, nayo hukua upesi. Watu wakaipanda milimani kote, wakaiita bahir zaf, yaani mti wa kuvuka bahari. Wakulima wetu wanajua kwamba mti huo hunywa maji mengi, nami siusifu kwa hilo. Nasema tu kwamba kuni zilipopatikana, mji haukuhama.

Mtaani kwa mwenyeji wangu alifariki mzee mmoja alfajiri. Kabla ya adhuhuri hema lilikuwa limesimamishwa kando ya njia, mabenchi yamepangwa, masufuria makubwa yako motoni. Nikauliza, "Mmechanga saa ngapi?" Akanijibu, "Tulikwisha kuchanga." Ndipo akanieleza habari za iddir. Hicho ni chama cha mazishi cha mtaa, chenye mwenyekiti, karani, mweka hazina na kanuni zilizoandikwa. Kila nyumba hulipa kiasi kidogo kila mwezi, awepo mgonjwa au asiwepo. Chama kina hema, mabenchi na vyombo vyake. Asiyehudhuria mazishi hutozwa faini, awe tajiri au maskini.

Wazee wangu, hapo nilimkumbuka marehemu mmoja wetu, na tangu mwaka uliopita nazidi kumkumbuka ndugu yetu mwingine. Mnajua alivyokaa siku tisa katika chumba cha maiti. Deni lilikua kila siku, nasi tulikuwa tukipitisha daftari nyumba kwa nyumba, kutoka Makongeni hadi Ruiru. Sehemu ya kosa ni yangu, kwa maana orodha ya wanachama haikuwa sawa, na wengine niliwapigia simu siku ya nne. Mwanawe alisimama mlangoni akiniuliza kama tumefika kiasi kinachotosha. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. La kwanza, kila nyumba itoe shilingi mia moja kila mwezi katika mfuko wa mazishi peke yake, na hesabu isomwe mbele ya wote kila miezi mitatu. La pili, fedha za kwanza zinunue hema na viti vya chama kabla ya kufikiria jengo la ofisi lenye jina letu mlangoni.

Najua kuna mzee atakayesema kwamba kuchangia mazishi ya mtu aliye hai ni uchuro. Namheshimu, kwani hata mimi nililelewa hivyo. Lakini mama ajazaye kuni nyumbani hawi amewaita watoto wake njaa, wala waliopanda miti Entoto hawakuiita baridi. Baridi ilikuwako tayari. Najua pia yuko anayeogopa kwamba fedha zikikaa zitamjaribu mwenye kuzishika. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu ya kusoma hesabu hadharani, pamoja na ile ya karani wenu.

Wafalme wa Gondar walijenga kila mmoja kwa jina lake, na majumba yao yamebaki bila wenyewe. Chama chetu hakina mfalme. Kina sisi, na watoto wetu watakaosimama mlangoni siku moja wakiuliza. Akiba haiozi.

Nimesema.