Mimi ni Mzima, Chanjo ya Nini?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo sikuja na habari ya ng'ombe wa maziwa wala mizinga ya nyuki. Nataka tuzungumze juu ya chanjo ya homa ya mafua. Naona wengine mnacheka: "Si homa huisha kwa chai ya tangawizi!"

Hata mimi nilisema hivyo. Mwaka mmoja kazini tuliambiwa anayetaka achanjwe. Nikakataa. Nilikuwa mzima na kazi zilikuwa nyingi. Baadaye homa ikanishika, nikaenda nayo nyumbani kumwona mama, ambaye ana pumu. Mimi nilipona kwa siku tano. Mama alilazwa. Sijui kama ni mimi niliyempelekea, lakini swali hilo halijaniacha.

Kwa nini sisi wenye nguvu hukataa? Nimesikia mambo manne.

1. "Siumwi." Lakini chanjo hupewa mtu kabla hajaugua. Tena homa kubwa ya mwaka 1918 iliua kwa wingi watu wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40.

2. "Nitapoteza kibarua." Hii ni kweli, asidharauliwe mtu. Lakini homa kali nayo hukulaza siku kadhaa bila malipo.

3. "Sina pesa." Hili pia ni kweli. Hapa Kenya mara nyingi mtu mzima hujilipia chanjo hii.

4. "Sindano ndiyo italeta homa." Hapana. Virusi vya sindano hiyo vimeshauawa. Mkono utauma, na mwili waweza kuchoka siku moja au mbili. Kinga huchukua kama wiki mbili kukomaa, kwa hivyo mtu anaweza kushikwa na homa kabla ya hapo, akalaumu sindano.

Nisiwadanganye: chanjo haizuii kila mafua, na hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Lakini hupunguza hatari ya kuugua vibaya.

Na wanaokubali, je? Niliowaona hawakukubali kwa kutishwa. Walielezwa na muuguzi wanayemjua, au walimwona mwenzao amechanjwa na yuko salama, au nyumbani wana nyanya mzee au mtoto mchanga.

Basi naomba hivi. Mwalikeni muuguzi siku ya mkutano, ili mtu asipoteze kibarua. Mwulizeni chanjo inapatikana wapi na kwa bei gani. Kisha mpange akiba kidogo kidogo, mkianza na wajawazito, wazee, na wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, pamoja na wanaowatunza.

Anayekataa msimcheke. Mwulizeni anaogopa nini, halafu mumsikilize.

Sasa leteni maswali.