Kibarua Asiye na Barua

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma, Bukoba)



Neno nililolichagua ni la kila siku, nalo ni "kibarua". Hapana hata mmoja wetu, awe wa Nyanga au wa Kamachumu, asiyelitamka wakati wa kuchuma kahawa na kupalilia migomba. Lakini ni wachache wakumbukao kwamba maana yake ya asili ni barua ndogo.

Kamusi ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, yaeleza kwamba mtu wa kazi ya kutwa aliitwa hivyo kwa sababu alipewa cheti, akakirudisha alipolipwa ujira wake. Basi cheti kikawa jina la mtu. Katika mashamba ya mkonge mkoloni alikuwa na karatasi nyingine, yaani kipande, chenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ukangoja mpaka nafasi zote zijae. Karatasi hizo zilikuwa za kumbana mtu, hilo halina ubishi. Walakini zilithibitisha kwamba amefanya kazi na kwamba anadai.

Gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu, neno hili lilikwisha kuwa la mtu. Tangu hapo waandishi wamelitumia pasipo kuuliza asili yake. Walimu wa sarufi wanajua ajabu yake: umbo ni la kitu, lakini twasema "kibarua amefika", wala si "kimefika".

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, kurasa za magazeti yetu zilijaa maneno mawili matukufu: wakulima na wafanyakazi. Jembe na nyundo. Je, kibarua alikuwa wapi? Jembe alilishika, lakini kibanja kilikuwa cha mwingine, hivyo hakuitwa mkulima. Ujira aliupokea, lakini jina la mfanyakazi liliwaendea zaidi watu wa viwandani na maofisini. Habari za kahawa ziliandikwa kwa jina la mkulima, na aliyeichuma kwa mikono yake akatajwa kwa nadra.

Kisha neno likapanda cheo, mwenyewe akabaki chini. Fungueni leo ukurasa wa michezo: timu "ina kibarua kigumu" ugenini, na kocha aliyefukuzwa "kibarua chake kimeota nyasi". Sasa kibarua ni kazi yoyote, hata ya mtu alipwaye mamilioni! Wala siwalaumu wanamichezo, lugha hukua. Ninalolitazama ni kwamba maana ya kazi imechangamka magazetini, na maana ya mtu imefifia.

Hapa Kagera jambo hili si la kamusi tu. Tangu enzi za ukoloni, watu wengi kutoka Rwanda na Burundi wamekuja Buhaya kupalilia, kuchuma na kuchunga kwa ujira. Mwaka 2013, ilipofanywa Operesheni Kimbunga, magazeti yaliwaandika kwa jina moja, "wahamiaji haramu". Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu waliokaa humu miaka mingi, wakifanya kazi katika vibanja vyetu. Jana kibarua, leo haramu. Jina lilibadilika kwa siku chache, na wengi wao hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha wamemfanyia nani kazi na kwa muda gani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Iliwaacha nje wale wanaomfanyia mwajiri mmoja kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Basi huyu aliyepewa jina kwa ajili ya cheti, sheria yenyewe ikamwacha bila cheti.

Nanyi mwashika kalamu. Katika vitabu vya malipo vya shule na ofisi huonekana mstari mmoja: "Vibarua, kufyeka uwanja", na jumla ya fedha. Yaandikeni majina yao, siku walizofanya kazi na kiasi alicholipwa kila mmoja. Na anayeondoka jioni akiomba nakala, apewe.