Kituo cha Panzi na deni letu sisi wakristu





Wengi walingojea niseme leo habari za majengo ya parokia. Majengo mnayaona kwa macho yenu. Nimeombwa kusema juu ya watu waliotendewa ubaya katika Kivu yetu, nami nitaanza na nyumba isiyo ya Kanisa letu, bali ya ndugu zetu Waprotestanti: hospitali ya Panzi, kule Bukavu.

Mnakumbuka Oktoba 1996. Tarehe 6 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Tarehe 29 Monsenyeri Christophe Munzihirwa, Askofu wetu Mkuu, akauawa Bukavu. Mganga mkubwa wa Lemera, Denis Mukwege, alisalimika. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi, akikusudia kuwasaidia wamama wanaozaa. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi.

Tazameni jinsi haja moja ilivyovuta nyingine. Mwili unashonwa, unapona, lakini mwanamke halali usiku: anahitaji mtu wa kumsikiliza. Analala, lakini mume amemfukuza, hana shamba wala franga: anahitaji nyumba na kazi ya mikono, ndiyo sababu ya Maison Dorcas. Anapata kazi, lakini aliyemtenda anapita sokoni akicheka: anahitaji avoka. Hivi Panzi ilipata misaada minne, ya mwili, ya moyo, ya maisha na ya sheria. Mwaka 2011 ikafunguliwa Cité de la Joie, ambamo wanawake 90 hukaa miezi 6 wakijifunza.

Mwaka 2012 watu wenye silaha walimvamia mganga nyumbani kwake. Mlinzi wake akauawa, naye akaenda ugenini. Wanawake wa Idjwi wakauza nanasi na vitunguu ili wamlipie tiketi ya ndege, akarudi Januari 2013. Zawadi ya Nobel ya 2018, aliyoipokea pamoja na Nadia Murad, dunia yote inaijua. Mimi nanasi zile zanigusa zaidi.

Sasa nije kwetu, na hapa naomba mnivumilie.

Miaka iliyopita binti wa miaka 14, wa shirika letu, alibakwa na jirani. Familia mbili zikaniita niwe shahidi wa mapatano. Mbuzi wawili, kasiksi, na sala fupi. Sala ile niliiongoza mimi. Nilidhani naleta amani. Mama ya binti hakunitazama, na binti mwenyewe hakuulizwa neno.

Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 ilikuwa imekwisha kutoka, ikisema kesi ya namna hii haimalizwi kwa kulipa faini, na kwamba hukumu itolewe katika miezi 3. Sikuijua. Sikujua pia kwamba dawa ya kuzuia Sida ina nguvu katika masaa 72 tu ya kwanza. Binti alikuwa amekaa nyumbani siku 9.

Akaja kwangu baadaye, kuandikisha mtoto wake kwa ubatizo. Akaniuliza: « Katekista, siku ile ulimwombea nani? » Sikupata jibu, na mpaka leo sina.

Tangu hapo wamama wawili wanakaa katika chumba kidogo karibu na sakristia, siku za Jumatano na baada ya Misa. Hawaulizi mbele ya watu. Hawapokei mbuzi. Aliyetendwa leo anapelekwa leo kwa muuguzi, na mwenye kutaka kushitaki anasindikizwa. Wazee wengine wanung'unika kwamba tunavunja ujirani. Nawaambia waziwazi kwamba ujirani ulivunjwa na yule aliyebaka. Na baada ya vita kuingia Bukavu Februari 2025, haja haikupungua.

Kinachokosekana ni franga za moto. Kituo cha afya ki mbali, masaa 72 ni machache, na usiku mwenye pikipiki anadai malipo kabla ya kuondoka. Naomba sehemu ya sadaka ya Yubile iwekwe kwa kazi hiyo, na halmashauri ya parokia ikate neno kabla ya Jumapili ijayo. Wamama wale wawili wameketi pale nyuma, karibu na mlango wa kuume. Wanayo blanketi, sabuni, na daftari ambamo jina la mtu haliandikwi.