Sauti ya Redio na Msimulizi Asiyejulikana



Mwezi Februari 1949, mjini Quito, Ecuador, redio ilikatiza muziki ikatangaza kuwa viumbe kutoka Mirihi wameshuka karibu na mji. Ulikuwa mchezo wa kuigiza tu, na waigizaji waliiga sauti za viongozi. Watu walikimbilia mitaani. Walipoambiwa ni mchezo, hofu ikageuka ghadhabu. Wakalichoma moto jengo la gazeti la El Comercio, lililokuwa na redio hiyo ndani yake, na watu kadhaa wakafa.

Wengi huwacheka. Sisi hatuwacheki. Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari ya fasiki. Wao waliipata kwa redio waliyoiamini kila siku! Wanazuoni wa Hadithi hawampokei msimulizi majhuli, yaani asiyejulikana hali yake, hata maneno yake yakiwa mazuri. Basi sauti isiyo na uso, nayo yaweza kuigwa, isnadi yake tumwandike nani? Leo kompyuta huiga sauti ya sheikh, watu wakasambaziana kabla ya kumuuliza mwenyewe, ilhali yuko mihrabuni.