Mvuke Ndani, Unyevu Nje: Maboksi ya Chakula Pwani ya Malindi na Kilifi

Ndugu washiriki, wapishi, wenye mikahawa, nanyi wa bodaboda,

Hapa mezani nimeweka maboksi mawili ya katoni, yote yametiwa wali wa nazi wa sufuria moja. Hili la kushoto nimelifunga wali ukifuka moshi. La kulia nililiacha wazi kidogo, kisha nikalifunga na kulitoboa matundu mawili ubavuni. Yakae, tutayarudia kabla ya chai.

Malalamiko mnayajua. Mteja wa Watamu kaagiza samaki wa kupaka kutoka Malindi mjini. Boksi linamfikia kitako kimelegea na tui limemwagika. Mpishi ataambiwa katia mchuzi mwingi, wa bodaboda ataambiwa karusha pikipiki. Kwangu mimi, mchuzi ni mshtakiwa wa tatu. Mvuke na stoo vimetangulia.

Katoni ni nyuzi za mti zilizoshikana, na maji hujipenyeza katikati yake yakaziachanisha. Karatasi isiyotiwa dawa ikilowa chepechepe hubakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Mafuta hayana ubaya huo. Boksi la bhajia litaingia madoa, lichukize macho, na bado lisimame. Kwa hiyo doa lisiwatishe. Tazameni jasho chini ya kifuniko.

Jasho hilo hutiririka ubavuni likatafuta ukingo. Maboksi mengi yana utando mwembamba wa plastiki upande wa ndani, nao huzuia maji usoni tu. Pale kisu cha kiwandani kilipopita, nyuzi ziko wazi kama utambi wa koroboi, na kazi ya utambi ni kunyonya. Kwenye mikunjo nako utando huweza kupasuka. Ndiyo maana boksi huanza kufa pembeni, katikati kukiwa bado kukavu.

Ukingo huo waweza kukwepwa. Mwaka 1894 kule Chicago, Frederick Weeks Wilcox alipata hataza ya boksi linalokunjwa kwa kipande kimoja cha karatasi, kitako chake hakina kiungo cha kuvuja. Siku hizi Wamarekani hutilia humo chakula cha Kichina, lakini asili yake lilikuwa la kubebea chaza, tena chaza na maji yao! Sisi wenye chaza wa Mida tungeliiga kunjo hilo kwa mbaazi za nazi.

Sasa stoo. Unyevu wa hewa ukipanda kutoka asilimia 50 hadi 90, katoni hupoteza karibu nusu ya nguvu ya kubeba uzito. Hapa kwetu mwezi wa Mei hata chumvi hugandamana mkebeni, sembuse karatasi. Boksi lililolazwa sakafuni, limeegemezwa ukuta wa matumbawe, limeshachoka kabla halijaona wali. Liinueni juu ya mbao, na bunda lisifunguliwe mpaka siku ya kutumika.

Zamani mfuko wa plastiki ulilisitiri boksi aibu yake. Mfuko huo ulipigwa marufuku hapa Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi, zikiwemo hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Boksi limebaki peke yake. Wala lisidhaniwe ni karatasi tupu: chaneni pembe yake polepole, mkiona ngozi nyembamba inavutika, hiyo ni plastiki, na mahali pake si ufuoni. Anayewauzia boksi lisilopitisha mafuta ilhali halina utando, muulizeni katia dawa gani. Denmark ilikataza kemikali za PFAS, ambazo ni dawa za aina hiyo, katika vifungashio vya karatasi vya chakula mwaka 2020.

Bibi zetu walifunika sinia kwa kawa la ukindu, likazuia nzi na kuruhusu mvuke utoke. Matundu yangu mawili ni kawa hilo hilo. Mchuzi upewe kikopo chake, na chini ya wali pakitandikwa jani la mgomba, kitako kitadumu zaidi.

Sasa naomba aliyekaa mbele aje abonyeze pembe za maboksi haya mawili, kisha atuambie lipi angekubali kulipeleka Watamu.